Taarifa za Vyuo vya Umma: Zipi Zipunguzwe, Zipi Zibaki (Sehemu ya Pili)

Chuo cha umma nchini Tanzania huwajibika kwa mamlaka kadhaa kwa wakati mmoja, na kila mamlaka ina fomu zake. Mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, jambo hili huonekana wazi. Chuo cha ualimu kiko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Wanachuo wake hutahiniwa na Baraza la Mitihani (NECTA), ufundishaji hukaguliwa na wathibiti ubora, na hesabu humfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) kupitia Fungu 46 la wizara. Chuo cha uuguzi katika mji huohuo hufuata njia nyingine: Wizara ya Afya, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Kila mamlaka ina sababu ya kuuliza. Tatizo huanza pale swali moja linapoulizwa mara nyingi kwa sura tofauti. Mwanachuo akiahirisha masomo mwezi Februari, jina lake linapaswa kuondolewa kwenye orodha ya bweni, makisio ya chakula, daftari la ada na orodha ya watahiniwa. Likisahaulika mahali pamoja tu, takwimu za chuo zinagongana, na mkaguzi anaona dosari. Katika vyuo vidogo anayejaza fomu hizo mara nyingi ni mkufunzi mwenye vipindi darasani.

Kabla ya kupunguza chochote, kumbukumbu itenganishwe na taarifa. Chuo kinaponunua magunia ya maharage ya jikoni, ununuzi hupita katika mfumo wa NeST ulioanza kutumika 2023, mzigo hupokelewa kwa hati, huingizwa kwenye leja ya stoo, na malipo hufanyika kupitia mfumo wa malipo wa MUSE. Hati hizo zisiguswe hata moja, kwa sababu ndizo zinazomwezesha mkaguzi kufuatilia gunia kutoka kwa mzabuni hadi jikoni. Kinachoweza kuondolewa ni jedwali la kila robo mwaka linalosimulia upya ununuzi uleule ambao wizara inaweza kuusoma yenyewe ndani ya mfumo.

Wingi wa taarifa haujawahi kuwa kinga dhidi ya ubadhirifu. Uganda inatoa ushahidi mzito. Uchunguzi wa mwaka 1996 uligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya uendeshaji iliyotolewa na serikali kuu, ingawa vitabu vya Kampala vilionyesha fedha zimetoka. Serikali ikaanza kuchapisha kiasi cha ruzuku magazetini na kwenye mbao za matangazo za shule, na sehemu iliyofika ikapanda sana. Watafiti wamebishana kuhusu mchango halisi wa magazeti, kwa kuwa mageuzi mengine yalifanyika wakati huohuo. Lisilobishaniwa ni kwamba upotevu ule haukufichuliwa na karatasi zilizopanda ngazi za serikali. Ulifichuliwa na watu waliokwenda shuleni kuuliza ni shilingi ngapi zimefika.

Tanzania tayari ina sehemu ya vifaa vinavyohitajika kupunguza taarifa zinazojirudia. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliigeuza NACTE kuwa NACTVET na kuipa udhibiti wa mafunzo ya ufundi stadi, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ambayo yenyewe ilikuwa na vyuo vyake. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliunda mamlaka yenye jukumu la kuhakikisha mifumo ya taasisi za umma inasomana. Uingereza iliunda HESA mwaka 1993 ili takwimu za wanafunzi wa vyuo vikuu zikusanywe na chombo kimoja na kutumiwa na wengi. Hapa pia chuo kingeweza kuhuisha orodha moja ya wanachuo, wizara na mabaraza yakachota humo.

Vyuo visipimwe kwa kipimo kimoja. Chenye kumbukumbu safi kwa miaka kadhaa kinaweza kutoa taarifa ya maelezo mara moja kwa mwaka, na chenye hoja za ukaguzi zisizojibiwa kibaki na ratiba ya robo mwaka. Kwa vyuo vya ualimu kuna ugumu: maoni ya CAG hutolewa kwa fungu zima la wizara, hivyo hati inayoridhisha haisemi lolote mahususi kuhusu chuo cha Tukuyu. Kigezo kiwe matokeo ya mkaguzi wa ndani kwa kila chuo, yakiambatana na majibu ya mkuu wa chuo, na muhtasari wake ubandikwe pale wanachuo na wazazi wanapoweza kuusoma.