Kifaru na Askari Wake: Kazi ya Vikosi vya Deraya katika Vita vya Siku Hizi



Katika bweni letu kuna mabishano yasiyokwisha. Wadogo zetu wa vidato vya chini hushikilia kwamba kifaru cha vita ndicho mfalme wa uwanja, na kwamba nchi yenye vifaru vingi haishindwi. Wengine, walioziona picha za vita vya Ukraine, hujibu kwamba kazi ya kifaru imekwisha, maana siku hizi droni ndogo, ambayo mtu aweza kuibeba kwa mkono mmoja, yaweza kukiteketeza. Mimi nimewasikiliza wote, na naona wote wamekosa, tena kosa lao ni moja. Pande zote mbili hukitazama kifaru kana kwamba huenda vitani peke yake.

Basi nimeomba nafasi katika kurasa hizi nieleze kazi ya vikosi vya deraya ilivyo. Jambo hili si la mchezo. Miongoni mwetu wamo watakaokuwa maafisa wa jeshi, na wamo watakaokaa mezani kuamua fedha ya nchi itumike vipi. Wazee wetu waliosoma hapa zamani, wengine wao wamekwisha kuzifikia kazi hizo.

Kwanza tulitazame jina. Waingereza walipokuwa wakivitengeneza vyombo hivi kwa siri, waliviita matangi, ili mtu akiviona adhani kuwa ni matangi ya maji. Sisi twaviita vifaru, na kwa maoni yangu jina letu limelenga zaidi. Kifaru wa porini ana ngozi nene, ana pembe ya kutisha, na ana mbio ambazo hukuzitazamia kwa mnyama mzito kama yeye. Lakini macho yake ni dhaifu. Husikia na kunusa vizuri sana, ila hawezi kuona mbali. Kwa hiyo anafaidiwa na yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu akaaye mgongoni pake akila kupe. Mtu akikaribia, ndege hupiga kelele, na kifaru hutahadhari. Ndiyo maana ndege huyo huitwa askari wa kifaru.

Kifaru cha chuma nacho ni vivyo hivyo. Nguvu zake ni tatu: mzinga, deraya na mwendo. Tuchukue mfano wa T-55, kifaru cha Kirusi kilichoenea sana katika Afrika. Uzito wake ni tani 36 hivi, mzinga wake ni wa milimita 100, na minyororo yake hukiwezesha kupita mahali ambapo gari la magurudumu lingekwama. Ndani yake hukaa watu 4: mkuu wa kifaru, mpigaji mzinga, mtia risasi na dereva. Lakini milango ikifungwa, watu hao hutazama nje kwa vioo vyembamba tu. Hawasikii neno kwa ngurumo ya injini. Adui aliyejilaza katika shimo, hatua 20 kando ya njia, aweza wasimwone kabisa.

Sasa kazi ya vyombo hivi ni nini? Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Ulaya yalikwama katika mahandaki. Kila askari wa miguu waliposimama kwenda mbele, bombomu ziliwafyeka kama majani. Ilitakiwa ngao iendayo yenyewe, ivuke shimo na kukanyaga seng'enge. Tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme huko Ufaransa, Waingereza walivitoa vifaru kwa mara ya kwanza. Vilipangwa 49, lakini 32 tu ndivyo vilivyofika mahali pa kuanzia. Vingine viliharibika au vilikwama njiani. Toka siku hiyo ya kwanza ilionekana kwamba chombo hiki kina nguvu nyingi, na kwamba hakiwezi kuachwa bila fundi wala msaidizi.

Tangu hapo kazi ya vikosi vya deraya imekuwa namna tatu. Ya kwanza ni kuwafungulia njia askari wa miguu, kwa kupiga ngome na bombomu zinazowazuia. Ya pili ni kupita kwa haraka mahali palipokwisha kutobolewa na kuingia nyuma ya adui, penye maghala yake, simu zake na makao ya wakuu wake. Ya tatu ni kukaa akiba, ili adui akivunja mstari wetu, apigwe pigo la ghafula kabla hajajiimarisha. Katika kazi zote tatu, anayefaulu ni yule aliyeviunganisha vifaru na wenzake. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Ufaransa mwaka 1940. Watu wengi hudhani Wajerumani walishinda kwa kuwa vifaru vyao vilikuwa vingi zaidi. La, sivyo. Wafaransa na wenzao walikuwa na vifaru vingi kuliko Wajerumani, na baadhi ya vifaru vya Kifaransa vilikuwa na deraya nene zaidi. Lakini vingi vya Kifaransa vilitawanywa huku na huku, havikuwa na redio za kutosha, na mkuu wa kifaru alilazimika kutazama, kuamuru, kutia risasi na kupiga mzinga, yote yeye mwenyewe. Wajerumani walivikusanya vifaru vyao katika divisheni nzima nzima, pamoja na askari wa miguu, mizinga na wahandisi, nao wakazungumza kwa redio.

Sasa angalieni jinsi walivyouvuka mto Meuse hapo Sedan, tarehe 13 Mei. Si vifaru vilivyotangulia. Ndege zilipiga mabomu kwa saa nyingi. Kisha askari wa miguu na wahandisi wakavuka kwa mashua za mpira chini ya risasi, wakaiteka ng'ambo. Usiku wahandisi wakajenga daraja, na vifaru vikapita juu yake. Baada ya juma moja, tarehe 20 Mei, vifaru hivyo vilifika bahari karibu na Abbeville, na majeshi makubwa ya kaskazini yakawa yamekatwa. Sifa ilikwenda kwa kifaru, lakini mlango ulifunguliwa na mtu mwenye kasia.

Mfano wa pili ni jangwa la Sinai, mwaka 1973. Mwaka 1967 Waisraeli walishinda kwa siku 6, na vifaru vyao na ndege zao zilisifiwa mno. Sifa hiyo iliwaponza. Wakaanza kuamini kwamba vifaru vyatosha peke yao. Tarehe 6 Oktoba 1973 Wamisri waliuvuka Mfereji wa Suez, na askari wao wa miguu walibeba silaha mpya: makombora madogo yanayoongozwa kwa waya mwembamba, ambayo mtu mmoja aliyelala mchangani aliweza kuyapeleka mpaka yamgonge adui aliye mbali. Tarehe 8 Oktoba vifaru vya Israeli vilishambulia, askari wa miguu wakiwa wachache na mizinga ikiwa haba. Vikachomwa kwa wingi. Siku zile magazeti mengi yaliandika kwamba zama za kifaru zimekwisha. Lakini Waisraeli walijifunza upesi. Walirudisha askari wa miguu ubavuni mwa vifaru, wakaipiga kwa mizinga michanga walimojificha warusha makombora, na usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Oktoba wao nao waliuvuka mfereji. Waliotangulia kuvuka? Askari wa miguu, kwa mashua za mpira!

Mfano wa tatu uko hapa kwetu Uganda, nao ndio unaonigusa zaidi. Kila muhula, nirudipo shuleni kutoka Masaka, basi letu husimama Lukaya, abiria wakanunua nyama choma na gonja. Mbele ya hapo barabara ya Kampala hupita katikati ya kinamasi cha mafunjo, maji kulia na maji kushoto. Wachache kati yetu hukumbuka kilichotokea pale.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Tanzania na kuiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Hapo twaona jambo la kwanza: mbele ya mto wenye kina, kifaru cha tani 36 ni mzigo tu mpaka wahandisi wafike. Watanzania walilazimika kuweka daraja jingine kabla ya kuvusha silaha zao nzito. Waliwatoa askari wa Amin, kisha wakaingia Uganda, na mnamo Februari 1979 wakauteka mji wa Masaka.

Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 ya Tanzania ilikuwa Lukaya, tayari kuufuata ule mwinuko wa barabara. Wengi katika brigedi hiyo walikuwa wanamgambo wasio wazoefu. Ghafula walipigwa makombora ya Katyusha, kisha wakaiona safu ya askari wa Libya, waliokuja kumsaidia Amin, ikitokea upande wa Kampala na vifaru vya T-55 pamoja na magari ya deraya. Safu ilivunjika, watu wakakimbilia kinamasini. Ingawa waliouawa hawakuwa wengi, hofu iliwashinda. Hiyo nayo ni kazi ya kifaru: humpiga mtu moyoni kabla ya kumpiga mwilini.

Lakini je, walioshinda kwanza walifanya nini na ushindi wao? Walisimama Lukaya, wasiendelee mpaka Masaka. Hawakuijua nchi. Wengi wa askari wao walikuwa wanamgambo wenye mafunzo haba, na vifaru vyao, vikiwa na kinamasi karibu, havikuwa na njia ila barabara. Brigedi ya 208 ya Tanzania, iliyokuwa upande wa magharibi, iligeuka na kuzunguka mpaka ikaifikia barabara ya Kampala nyuma yao. Brigedi ya 201 nayo ilikusanywa upya ikashambulia kutoka kusini. Safu iliyoanza kwa kishindo ikajikuta katikati. Yasemekana Walibya zaidi ya 200 waliuawa katika mapigano hayo. Njia ya Kampala ilikuwa wazi, na tarehe 11 Aprili mji ulianguka. Vifaru vilipoteza yote yale kwa kukosa macho ubavuni.

Kuna mwenzi mwingine asiyepigiwa makofi: gari la mafuta. Kifaru cha Kimarekani kiitwacho Abrams hubeba lita zipatazo 1,900, na hizo hukifikisha kilomita 400 na ushei tu barabarani. Hiyo ni zaidi ya lita 4 kwa kila kilomita moja! Mnamo Februari na Machi 2022, Warusi walipouelekea mji wa Kyiv, safu yao ya magari ilienea kilomita zipatazo 60. Wengine waliishiwa mafuta, wengine walikwama katika tope, na wengine walipigwa na vikundi vidogo vilivyojificha kando ya njia. Mwanzoni mwa Aprili walikuwa wameondoka upande huo.

Je, droni hazijakiua kifaru? Ni kweli zimekifanya kipate taabu kubwa. Humwona kutoka juu, mahali deraya yake ilipo nyembamba, na siku hizi watu wa vifaru huvifunika vyombo vyao kwa vizimba vya chuma. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 1916 adui wa kifaru alikuwa mzinga, mwaka 1973 alikuwa kombora la waya, na kila mara dawa ilipatikana kwa kumwongezea kifaru mwenzi mpya. Leo mwenzi huyo ni yule anayelinda anga na anayevuruga mawimbi ya redio ya droni. Tena, mnamo Januari 2023, baada ya kuyaona yote hayo, Ukraine yenyewe iliendelea kuomba vifaru, na Uingereza, Ujerumani na Marekani zikaahidi kuvitoa. Mtu hakiombi chombo kilichokwisha kazi.

Basi nawajibu wenzangu wa bwenini hivi. Kifaru si mfalme, wala si maiti. Ni kiungo kimoja cha mwili. Kazi yake ni kubeba mzinga, chini ya deraya, mpaka mahali ambapo mtu wa miguu peke yake asingefika akiwa hai. Na kazi ya wengine ni kukionea, kukijengea njia, kukilisha na kukitengeneza.

Na kwa wale watakaokuwa na madaraka kesho, nasema kwa heshima: kununua kifaru ni mwanzo wa gharama. Nchi isiyo tajiri ikinunua vifaru vya kupitisha mbele ya jukwaa siku ya sherehe, pasipo mafundi, vipuri, mafuta, wahandisi na mazoezi ya pamoja na askari wa miguu, itakuwa imetupa fedha ya zahanati na ya shule. Mbaya zaidi, siku ya vita itawafungia vijana 4 katika kila sanduku la chuma na kuwapeleka wasikokuona. Vijana hao watakuwa wa umri wetu.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Nirudipo Masaka likizo hii, nitatazama tena kinamasi kile cha Lukaya, na nitawakumbuka waliokufa humo, wa pande zote.

Mwanafunzi wa Kidato cha VI