Duka Lililopotea Mtandaoni: Kazi ya Mtu wa Lugha katika Kulirudisha

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, nalo ni jinsi duka la mtandaoni linavyoweza kurudi mahali pake katika matokeo ya Google baada ya kuharibiwa na kazi mbaya ya kulipandisha. Kazi hiyo ya kupandisha tovuti mafundi huiita SEO. Sisi tunaona kwamba sehemu kubwa ya uharibifu wake, na sehemu kubwa ya matengenezo yake, ni suala la lugha.

Tuchukue mfano wa kubuni: duka la nguo na viatu lililoko mtaa wa Hai Cinema, mjini Juba. Mwenye duka huleta mzigo kutoka Kampala kupitia Nimule, nusu yake kwa mkopo. Anafungua tovuti. Baada ya muda anatokea kijana anayemwahidi nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya mwezi mmoja. Kijana anajaza kila ukurasa maneno "nguo Juba, nguo rahisi Juba, nguo nzuri Juba", mengine kwa herufi nyeupe juu ya mandhari nyeupe, ili mashine iyasome na mnunuzi asiyaone. Anazalisha kurasa mia mbili kwa tafsiri ya mashine bila mtu kuzipitia. Kisha ananunua viungo kutoka tovuti za kamari. Duka linapanda kwa majuma machache, halafu linatoweka. Simu za wateja zinakoma, na deni la Kampala liko palepale.

Ili tufahamu kilichotokea, turejee mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google huko Marekani. Wazo lao lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni aina ya ushuhuda: tovuti inayotajwa na wengi, hasa na wenye sifa, huenda ina jambo la maana. Palipo na ushuhuda hapakosi mashahidi wa kununuliwa. Na kwa kuwa mashine ilitazama pia maneno ya ukurasa, wakatokea wa kuyarundika.

Isidhaniwe kwamba walionaswa ni wenye maduka madogo tu. Mnamo Februari 2006, Google iliiondoa katika matokeo yake tovuti ya Kijerumani ya BMW, kwa sababu ilikuwa na kurasa za mlangoni: mashine iliona ukurasa uliosheheni maneno kama "magari yaliyotumika", ilhali mtu akibofya alipelekwa ukurasa mwingine kabisa. Kurasa hizo ziliondolewa, na tovuti ikarejeshwa baada ya siku chache. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J. C. Penney, lilikuwa na maelfu ya viungo kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa zake. Google ilipochukua hatua, kwa aina moja ya mabegi ya safari duka hilo liliporomoka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa muda wa saa mbili. Aprili 2012 ikaja programu ya Penguin, iliyowabaini wanunuzi wa viungo bila kungoja gazeti. Na mwezi Machi 2024 Google ilikaza kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila faida kwa msomaji, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu.

Mwenye duka letu aanzie wapi, basi? Afungue Search Console, huduma ya Google isiyolipiwa. Humo ataona kama kuna adhabu iliyotolewa na mfanyakazi wa Google baada ya kukagua tovuti, au kama hakuna. Tofauti hii ni muhimu. Adhabu ya namna hiyo huondolewa kwa kutengeneza kasoro na kuomba tovuti ikaguliwe upya. Lakini iwapo tovuti imeshushwa na mashine yenyewe, hakuna wa kuombwa. Hutengenezwa, kisha hungojewa. Viungo vya kununuliwa viombewe kuondolewa. Visivyoondolewa vinaweza kukanwa kwa chombo ambacho Google ilikitoa mwaka 2012. Ile orodha ya maneno inayofichwa kichwani mwa ukurasa isimpotezee mtu muda, kwani Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya kuandika upya, na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Tuanze na jina la mahali. "Hai" katika "Hai Cinema" ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtaa. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza atadhani ni sinema iliyo hai! Zaidi ya hayo, Hai ni wilaya mkoani Kilimanjaro, na Juba ni mto nchini Somalia. Isitoshe, kamusi zetu zina neno "juba", vazi refu mfano wa joho. Kwa hiyo anayeandika "mavazi, Juba" katika ukurasa wa Kiswahili ameacha mlango wazi kwa maana mbili. Iandikwe kwa ukamilifu mara moja, mahali panapoonekana: "Duka letu liko Hai Cinema, mjini Juba, Sudan Kusini." Sentensi hiyo moja ina faida kuliko marudio hamsini ya "nguo Juba".

Jambo la pili ni jina la bidhaa. Wasemaji wa Kiswahili walioko Juba wametoka pande mbalimbali: Kenya, Uganda, Kongo, na wako Wasudan Kusini waliokulia Kakuma. Kile ambacho Mtanzania wa bara hukiita ndala, Mzanzibari hukiita malapa, Mkenya patapata, na wazee bado husema kandambili. Fundi mbovu angezipanga zote katika mstari mmoja na kuzirudia. Mwandishi mwema ataandika maelezo ya bidhaa yenyewe, soli yake, saizi na bei, na kutaja majina mawili matatu pale yanapokaa kwa uasili. Hali kadhalika umoja na wingi. Lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno, kiatu na viatu, wala tusiiachie mashine kazi yote ya kutambua kwamba ni ndugu. Maelezo yaliyoandikwa vizuri huwa na sura zote mbili bila kulazimishwa. Kurasa za Kiingereza na za Kiarabu cha Juba nazo ziandikwe na wenye lugha hizo. Kurasa ishirini za namna hii zinatosha, na zile mia mbili zifutwe.

Linabaki ombi la kukaguliwa upya, kwa duka lililoadhibiwa. Hilo ni barua rasmi tu, na wengi huliandika vibaya: wanalalama, wanamlaumu fundi, wanasahau kutaja walichokifanya. Linatakiwa kueleza kasoro ilikuwa ipi, kurasa zipi zimefutwa, viungo vipi vimeondolewa na vipi vimekataa kuondoka. Jibu huweza kuchukua siku au majuma, na hata adhabu ikiondolewa, nafasi ya zamani hairudi lazima, maana sehemu yake ilisimama juu ya mashahidi wa kununuliwa. Katika kipindi hicho atatokea fundi wa pili, naye ataahidi nafasi ya kwanza. Google yenyewe imeandika wazi katika miongozo yake kwamba hakuna mtu awezaye kuihakikisha nafasi hiyo, na mwenye duka aonyeshwe maneno hayo kabla hajatoa fedha nyingine.