Mfanyakazi mmoja, kazi za watu wawili: nani anapata hasara?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maduka mengi ya pembejeo, mashine za kukoboa na karakana ndogo, mfanyakazi anayefungua asubuhi ndiye huyo huyo anayepakia mizigo, anayeuza na anayefunga usiku. Mwenye mali huamini kuwa anabana matumizi. Lakini akikaa chini kupiga hesabu, huenda akaona kuwa anapoteza.

Tuchukue mfano wa duka la pembejeo msimu wa kupanda. Muuzaji anaingia saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 2:00 usiku, siku sita kwa wiki. Ukiondoa saa moja ya chakula, anafanya kazi saa 72.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Waliosamehewa ukomo huo ni viongozi wa ngazi ya juu, siyo muuzaji wa duka. Saa za ziada ni za makubaliano, hazizidi 50 katika wiki nne, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Muuzaji wetu anafikisha saa 108 za ziada katika wiki nne, zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho.

Kama mshahara wake ni Sh390,000 kwa mwezi, saa moja ya kawaida ni Sh2,000 na ya ziada ni Sh3,000. Zile saa 27 zinazozidi kila wiki zinagharimu Sh81,000. Mtu wa pili akiajiriwa kwa saa hizo hizo, atalipwa Sh54,000. Mwajiri asiyelipa kabisa saa za ziada naye hajaokoa kitu. Amelimbikiza deni ambalo siku moja litadaiwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za kazi nazo ni mali.

Usimamizi mbovu

Muda ni sehemu tu ya tatizo. Katika kampuni ndogo, bosi anaagiza hiki, mkewe kile, na mdogo wake anapiga simu usiku kuulizia mauzo. Mzigo ukipungua, mshahara unakatwa bila maelezo. Sheria hairuhusu hivyo: ili kukata fedha ya hasara, lazima kuwe na makubaliano ya maandishi, kosa liwe la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya malipo yake.

Mwisho wake, mfanyakazi mzuri huondoka, tena mara nyingi katikati ya msimu. Anaondoka akijua mteja yupi hulipa deni kwa wakati na mkulima yupi anahitaji mbolea ya kupandia au ya kukuzia. Anayekuja anaanza kujifunza upya huku foleni ikiwa mlangoni.

Nini kifanyike

Mwajiri aandike masharti ya kazi, aweke daftari la kuingia na kutoka, na ataje mtu mmoja wa kutoa maagizo. Apange mapema likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28 mfululizo zenye malipo, iangukie baada ya msimu. Kila wiki atoe mapumziko ya saa 24 mfululizo, na simu za kazi zisivunje mapumziko hayo.

Mfanyakazi naye atunze kumbukumbu zake: tarehe, saa alizofanya na fedha alizopokea. Aanze kwa mazungumzo. Yakishindikana, aende kwa ofisa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asichelewe, kwani mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.