Jicho Lililopasuliwa Huwa na Ganzi

Mama mmoja mzee aliyetolewa mtoto wa jicho alituambia, "Mimi nimepona, hata halinisumbui." Kumbe jicho lilikuwa jekundu kabisa. Alikuwa amepepeta maharagwe siku mbili kabla, na kipande cha kapi kilikuwa kimenasa pale. Yeye hakukisikia! Tulishangaa.

Sababu ni hii. Ile sehemu ya mbele ya jicho, angavu kama kioo, huitwa konea. Unene wake ni kama nusu milimita tu, lakini ina mishipa ya fahamu mingi kuliko ngozi, na ndiyo maana chembe ya mchanga hukutoa machozi mara moja. Mishipa hiyo huingia kutoka ukingoni kuelekea katikati, mfano wa spoku za baiskeli. Daktari akipasua ukingoni ili atoe mtoto wa jicho, inayopita hapo hukatika. Basi sehemu hiyo hubaki na ganzi hata baada ya dawa ya ganzi kuisha. Tena ni mishipa hiyo hiyo inayoliamuru jicho kupepesa na kutoa machozi, kwa hiyo jicho laweza kukauka na kuwasha.

Je, huota tena? Ndiyo, lakini polepole. Baada ya kutolewa mtoto wa jicho, wengi huchukua miezi kadhaa, na mwenye kisukari huweza kukawia zaidi. Aliyewekewa konea ya mtu mwingine amekatwa mishipa pande zote. Yeye anaweza kungoja miaka, na pengine hisia zisirudi zote.

Kwa hiyo tusingoje maumivu. Mjukuu amtazame nyanya jicho kila asubuhi, hapo mlangoni penye mwanga. Likiwa jekundu zaidi, likitoa usaha, au akianza kuona ukungu, arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumwi. Asilisugue. Matone aendelee nayo mpaka siku aliyoambiwa. Na jamani, hayo maziwa ya mama na maji ya majani mnayotia machoni, yanaingiza vijidudu kwenye kidonda ambacho mwenyewe hakisikii.

Yule mama tulimpeleka kwa bodaboda, nauli ikatoka kwenye mfuko wa kikundi. Kapi likatolewa, akapewa matone mengine. Siku hizi anaona, ila kupepeta amewaachia wakaza wana.