Kilichouzwa na Kilichosahaulika

Beli la mitumba la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa. Mfanyabiashara anayelitoa Gikomba au Kisumu na kulishusha Busia hajui kilichomo zaidi ya aina ya nguo iliyoandikwa juu yake: majaketi ya wanaume, nguo za watoto, mashuka. Hulipa kwanza, akaona baadaye. Mikanda inapokatwa, wachuuzi wenzake huwa wameshasimama pembeni kugombea kamera, yaani zile nguo safi zinazotolewa mwanzo na kuuzwa ghali. Hizo zikiisha, bei inaanza kushuka, na mwishoni hubaki fagia, ambayo huuzwa kwa mafungu.

Kabla nguo haijatundikwa, mkono hupita mifukoni. Mara nyingi kinachotoka ni karatasi, risiti au tiketi ya basi la mji wa mbali. Mara mojamoja hutoka noti. Na kwa kuwa jaketi huwa na mifuko ya ndani ambayo mkono wa haraka hauioni, noti nyingine hupita kwa muuzaji zikaenda na mteja hadi nyumbani, zikaonekana siku ya kufua. Hapo ndipo swali linapozuka: pesa hizo ni za nani? Wengi hujibu bila kufikiri kwamba ni za aliyezikuta, kwa sababu alinunua jaketi, na jaketi lilikuwa na mfuko, na mfuko ulikuwa na pesa.

Jibu hilo linachanganya mambo mawili ambayo sheria, dini na desturi ya soko huyatenganisha. La kwanza ni kitu ulichouziwa kwa bei ndogo kuliko thamani yake. La pili ni kitu ambacho hukuuziwa kabisa.

Tuanze na hilo la pili, maana lina kesi yake. Mwaka 1841 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Merry dhidi ya Green. Mtu alinunua meza ya kuandikia kwenye mnada, baadaye ikagundulika kuwa ina droo ya siri, na ndani yake mlikuwa na kibeti chenye pesa. Akazichukua. Majaji walisema meza ilikuwa yake kihalali, lakini kibeti hakikuwa sehemu ya mauzo, kwani muuzaji hakukusudia kukiuza wala mnunuzi hakukusudia kukinunua. Kwa hiyo kujitwalia pesa zile kungeweza kuwa wizi, isipokuwa kama mnunuzi alikuwa na sababu ya kuamini kwamba aliuziwa meza pamoja na vilivyomo. Uamuzi huo hauko mbali na Kenya kama unavyoonekana. Sura ya 8 ya sheria za Kenya, inayoongoza kazi ya mahakama, iliipokea sheria ya mapokeo ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa mazingira ya nchi.

Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni miji ya watu wanaohama. Ofisa wa forodha, askari, mwalimu na karani wa mizigo hupata uhamisho, na wakiondoka huuza kabati, kochi, friji na vitanda kwa bei ya kutupa ili wasilipie lori. Kabati la aina hiyo ndilo hasa meza ya Merry. Aliyeuza anajulikana, simu yake unayo, na pengine ulimlipa kwa M-Pesa. Ukikuta hereni za dhahabu nyuma ya droo, huna pa kujificha: mwenyewe anapatikana kwa kupigiwa simu moja.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya inalisema hili kwa njia yake katika kifungu cha 268. Mtu aliyeokota kitu kilichopotea na kukifanya chake hahesabiwi kuwa mwizi ikiwa, wakati anakichukua, hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Kwa hiyo mzigo umewekwa kwenye juhudi ya kumtafuta mwenyewe, na bahati ya kuokota haitoshi. Kwenye jaketi la mtumba juhudi hiyo huisha upesi, na ni haki iishe. Jaketi lilitolewa sadaka na mtu wa nchi nyingine, likapita kwenye karakana za kuchambulia za Ulaya, Falme za Kiarabu au Pakistan, likapakiwa kwenye kontena, likashuka Mombasa. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Noti isiyo na jina ndani ya mzigo kama huo haina mwenyewe anayeweza kufikiwa na mwanadamu yeyote wa Busia, na aliyeikuta akiitumia simlaumu.

Bado kuna mtu mmoja wa kukumbukwa, naye ni muuzaji. Ukikuta pauni 50 kwenye jaketi ulilonunua kwa shilingi 300, mwenye pesa wa kwanza hapatikani, lakini mama aliyekuuzia yupo kibandani kesho asubuhi. Je, ana haki yoyote? Katika hadithi ya Mtume iliyomo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, mtu alinunua ardhi akakuta mtungi wa dhahabu. Alimrudia muuzaji akamwambia achukue dhahabu yake, kwa kuwa yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji alikataa, akasema aliuza ardhi na vyote vilivyomo. Walipopeleka shauri kwa mwamuzi, aliuliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana, mwingine msichana. Akaamua watoto hao waozwe, dhahabu itumike kwao, na nyingine itolewe sadaka. Ninaipenda hadithi hii kwa sababu kila mmoja wa watu wale angeweza kujenga hoja nzuri ya kubaki na dhahabu, na kila mmoja aliijenga hoja ya mwenzake. Mwamuzi hakusema nani alikuwa sahihi. Aliona dhahabu inaweza kuwafaa wote wawili, akaigawa kwa njia ya undugu. Kwa maoni yangu, kumrudia mama yule na kumwambia ulichokikuta, kisha mkagawana, ndicho kitendo kinachofanana zaidi na hukumu ile.

Halafu noti yenyewe ina mtego. Pauni za karatasi za 20 na 50 ziliacha kutumika madukani Uingereza tarehe 30 Septemba 2022. Dola za matoleo ya zamani nazo hukataliwa na wabadilishaji wengi wa Afrika Mashariki. Mchuuzi aliyeokota karatasi ya pauni akienda nayo mpakani, anaweza kuambiwa kwamba imekufa, kisha akapewa shilingi mia mbili za kumliwaza. Lakini Benki Kuu ya Uingereza hupokea noti zake zote za zamani na kuzibadilisha, haijalishi zina miaka mingapi. Anayelijua hilo akanyamaza, akainunua noti ile kama ukumbusho, amemfanyia mchuuzi jambo ambalo mchuuzi naye angeweza kumfanyia mteja. Hili linatuleta kwenye bei ndogo, ambako mambo ni magumu zaidi.

Sheria ya biashara hapa haimsaidii sana anayepunjwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inamdai muuzaji kwamba bidhaa ilingane na maelezo aliyoyatoa. Haimtaki mnunuzi amweleze muuzaji kwamba anauza kwa hasara. Ukiona kwenye fungu la fagia koti la ngozi halisi linalouzwa shilingi 200, ukalipa ukaondoka, hakuna askari wa kukusimamisha. Wala sioni sababu ya kukulaumu. Muuzaji wa mitumba alinunua beli bila kuliona, na mabeli yaliyomtia hasara ameyafidia kwa yale yaliyomtendea wema. Jicho lake ndilo mtaji wake, na jicho la mteja nalo ni halali. Wote wawili waliingia kwenye mchezo ule ule wakijua kanuni zake. Ndiyo maana mteja anayevumbua kitu kizuri kwenye fungu huondoka akicheka, na muuzaji akija kujua husikitika kidogo tu kisha akaendelea na kazi.

Mambo hubadilika pale anayeuza asipokuwa mfanyabiashara. Chukua mfano wa mjane anayeuza vitu vya marehemu mumewe ili alipe karo ya muhula: redio, baiskeli, saa ya mkononi, kasha lenye sarafu za fedha za enzi za ukoloni. Hajawahi kuuza saa maishani. Hakuingia kwenye mchezo wowote, na hana beli jingine la kumfidia kesho. Anayekuja akaijua saa ile ni ya thamani, akamtolea shilingi mia tano na kukaa kimya, ametumia shida ya mwenzake kama mtaji. Sheria haitamshika, lakini mimi nasema amedhulumu. Na kama aliongeza kwamba saa hiyo ni mbovu, ni ya plastiki, anamsaidia tu kuiondoa nyumbani, basi amevuka kutoka kunyamaza hadi kudanganya, na kudanganya ni kosa hata mbele ya muuzaji aliyebobea. Mtindo huo ni wa kale: Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayeikashifu bidhaa wakati wa kuinunua, kisha akienda zake hujisifu.

Mpakani hali hii ina sura yake maalumu. Tangu tarehe 24 Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpaka Busia, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Lakini habari za bei hazivuki haraka kama watu. Anayetoka upande wa Uganda na trei za mayai, gunia la mahindi au mashine ya kushonea iliyotumika anaweza kuwa hajui bei ya siku hiyo upande huu. Madalali wanalijua hilo, na hutangulia njiani kumlaki kabla hajafika sokoni. Mtume Muhammad aliikataza desturi hiyo hiyo, ya kuwaendea wenye misafara kabla hawajaingia sokoni, na kwa mapokezi ya Muslim, muuzaji akifika sokoni ana hiari ya kuuvunja mkataba. Kanuni hiyo imelenga penyewe hasa. Faida ya dalali inaruhusiwa. Kinachozuiwa ni faida inayotegemea mwenzako asifike mahali ambapo angeujua ukweli.

Kisha kuna noti ya elfu moja. Nchi zote mbili zina noti yenye tarakimu hiyo, na zote zina rangi ya kahawia. Katika miaka ya 2024 na 2025 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa takriban shilingi 28 za Uganda. Muuzaji anayepokea sarafu zote mbili, akiwa na wateja wanne mbele yake na giza linaingia, anaweza kukurudishia elfu moja ya Kenya akidhani ni ya Uganda. Kosa hilo la sekunde moja humlia faida ya siku nzima. Wapo wanaoweka noti mfukoni wakisema ni ngekewa, au kwamba naye huwapunja wengine. Lakini chenji haikuwa sehemu ya mapatano. Mlipatana bei ya suruali, na bei hiyo bado ipo pale pale. Kilichozidi mkononi mwako ni sawa na kibeti cha kwenye droo, na tofauti ni kwamba mwenyewe amesimama mbele yako.

Kuna pia bei ndogo ambayo yenyewe ni habari. Simu ya bei ya elfu thelathini ikiuzwa elfu nne, bila chaja, bila boksi, na muuzaji anataka mmalizane upesi, bei hiyo imekwishakueleza ilikotoka. Mpaka hurahisisha biashara ya namna hiyo, kwa sababu simu ikivuka, mwenyewe aliyeibiwa anakata tamaa. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na adhabu yake inaweza kufikia miaka 14. Mnunuzi wa simu hiyo hawezi kujitetea kwamba aliona bei nzuri tu.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinapoagiza kurudisha kilichopotea, kinataja ng'ombe, kondoo, punda, na pia vazi. Kinaongeza kwamba kama mwenyewe yuko mbali au humjui, kiweke kwako hadi aje kukitafuta. Waislamu nao wana utaratibu wa kutangaza kiokotwa kwa mwaka mzima. Dini zote mbili zimedhani kwamba mwenye mali atakuwa na mahali pa kwenda kuulizia. Masoko yetu hayana mahali hapo. Aliyesahau kitambulisho kwenye mkoba aliouza, au pete kwenye mfuko wa koti la marehemu, hana pa kuanzia isipokuwa kuzunguka vibanda akiuliza, huku aliyekuta kitu na kutaka kukirudisha akiogopa kwamba akikipeleka kituo cha polisi atahojiwa yeye.

Viongozi wa masoko ya Busia na Malaba wanaweza kurekebisha hili bila kusubiri bajeti ya kaunti. Wekeni daftari moja katika ofisi ya soko, liwe na safu ya kilichookotwa, siku, kibanda na namba ya simu ya aliyekileta, na mhifadhi wake awe mtu ambaye wachuuzi wenyewe wamemchagua. Nawe uliyenunua koti jana, pekua mifuko ya ndani leo, kabla hujalifua.