Kuujua Mmea kwa Kuuona: Somo kutoka kwa Muhadithi wa Ishbilia



Siku moja baada ya sala ya Alasiri alitujia baba mmoja, mkononi ana kifurushi cha vipande vya udi. Mwanawe alikuwa akiumwa koo, naye alisikia darasani kwamba Mtume (S.A.W.) aliusifu udi wa Kihindi kuwa ni dawa ya maradhi hayo. Akaenda sokoni, akanunua, akataka tumwambie asage kiasi gani. Tukamuuliza: "Udi huu ni upi?" Akatutazama kwa mshangao, akasema: "Sheikh, udi si ni udi?"

Hadithi aliyoisikia ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Qays binti Mihsan (R.A.). Lakini ndani ya mapokezi yenyewe imebainishwa kuwa kinachokusudiwa ni qusti, nao ni mzizi wa mmea uotao katika milima ya Bara Hindi. Udi tunaoufukiza majumbani ni kitu kingine kabisa. Huo hutoka katika mti wa misitu ya Asia ya Kusini Mashariki, ambao hupatwa na kuvu hata moyo wake ukajaa utomvu wenye harufu. Jina ni moja, mimea ni miwili. Isnadi ya hadithi ilikuwa salama kutoka kwa Mtume (S.A.W.) mpaka kwa Bukhari, na kutoka kwa Bukhari mpaka kwa mwalimu wa darasa. Kilichokatika ni kiungo cha mwisho, kati ya neno na mmea wenyewe.

Kwa sababu hiyo tumeona tuandike juu ya elimu ya kuzipanga nabati na kuzitafuta porini. Wapo wanaoidhani kuwa ni elimu ya watu wa maabara tu, isiyomhusu imamu wala mwanafunzi wa fiqhi. Wanazuoni wetu waliotangulia hawakuiona hivyo.

MAJINA NA MAFUNGU KATIKA LUGHA YA KIARABU

Katika Suratur Rahman, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa najm na shajar vinamsujudia. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa najm hapa ni mmea usio na shina, unaotandaa juu ya ardhi, na shajar ni ule unaosimama kwa shina lake. Mujahid alisema kuwa najm ni nyota ya mbinguni. Imam Tabari akaipa nguvu kauli ya kwanza. Mfasiri, basi, hakuweza kuifasiri aya hii bila kwanza kujua namna Waarabu walivyozigawa nabati.

Mabingwa wa lugha waliendelea mbele zaidi. Walisema kuwa shajar ni mmea ambao mzizi na shina lake hubaki mwaka hadi mwaka. Janba ni ule ambao mzizi wake hubaki wakati wa baridi lakini matawi yake hufa. Na baql ni ule unaoota kwa mbegu yake kila msimu, usiobakisha mzizi. Mgawanyo huu wa mafungu matatu haupitani sana na ule unaosomeshwa leo katika vyuo vya kilimo.

Aliyekusanya mengi katika mlango huu ni Abu Hanifa Ad-Dinawari, aliyefariki mwaka 282 H. (895). Huyu si Imam Abu Hanifa mwenye madhehebu, msomaji asichanganye. Kitabu chake, Kitabun Nabat, kilikusanya maneno ya mabedui na ya wanalugha juu ya mimea ya Arabuni. Ndani yake mna milango ya miti ya miswaki, ya rangi, ya manukato, na ya miti inayochongwa pinde na mishale. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilipotea. Katika zama zetu, Dk. Muhammad Hamidullah (1908–2002) alizikusanya tena nukuu zake kutoka katika makamusi na vitabu vya wengine, akachapisha sehemu yake mjini Cairo mwaka 1973.

PALE HUKUMU INAPOSIMAMA JUU YA MMEA

Huenda msomaji akauliza: mafungu haya yana faida gani kwa fakihi? Tutataja mas-ala manne.

La kwanza ni zaka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, jinsi moja ya nafaka haiongezwi juu ya jinsi nyingine ili kukamilisha nisabu ya wasaq 5, bali aina huongezwa juu ya aina iliyo ya jinsi yake. Mkulima mwenye mpunga wa mbegu tatu mbalimbali huujumlisha wote. Mwenye mpunga na mahindi hajumlishi. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H.) ametaja katika Minhaj kuwa alas, nafaka iliyokuwa chakula cha watu wa San'a, huongezwa juu ya ngano kwa sababu ni aina ya ngano. Lakini walipofika kwenye sult walihitilafiana, kwa kuwa hufanana na ngano kwa rangi na ulaini wake, na hufanana na shayiri kwa tabia yake. Wako waliosema ni shayiri, wako waliosema ni ngano, na kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa ni jinsi ya peke yake. Tazama, ndugu msomaji: haki ya fakiri katika ghala la tajiri imesimama juu ya swali la mmea huu ni wa fungu gani.

La pili ni riba. Mahanafi na Mashafii wanaihesabu ngano kuwa jinsi moja na shayiri kuwa jinsi nyingine, hivyo inajuzu kuuza moja kwa nyingine kwa kuzidiana, maadamu ni mkono kwa mkono. Imam Malik aliziona kuwa ni jinsi moja, na kuzidiana kwake ni riba.

La tatu ni uuzaji wa ardhi. Wametaja Mashafii kuwa akiuza mtu shamba, miti huingia katika mauzo. Mizizi ya mboga na malisho inayobaki ardhini na kuvunwa tena na tena, nayo hukumu yake ni kama ya miti. Ama mazao yanayovunwa mara moja, kama ngano, hayaingii. Mgawanyo wa wanalugha tulioutaja juu umegeuka hapa kuwa haki ya mnunuzi na muuzaji.

La nne ni Haram ya Makka. Mtume (S.A.W.) aliharamisha kukatwa mimea yake iliyoota yenyewe, kisha Abbas (R.A.) akaomba idhkhir ivuliwe, kwa kuwa watu waliitumia majumbani na makaburini, naye akaivua. Idhkhir ni nyasi yenye harufu nzuri, na katika mpango wa wataalamu ni ya jenasi moja na mchaichai wetu. Asiyeijua idhkhir atajuaje mpaka wa ruhusa hii?

MUHADITHI ALIYEKWENDA PORINI

Sasa tuje kwa mtu aliyezikusanya elimu mbili katika kifua kimoja. Naye ni Abul Abbas Ahmad bin Muhammad bin Mufarrij, wa mji wa Ishbilia katika Andalus, anayejulikana kwa majina ya Ibnur Rumiyya na An-Nabati. Alizaliwa mwaka 561 H. na kufariki mwaka 637 H. (1239). Alikuwa hafidhi wa hadithi, akifuata madhehebu ya Dhahiri kwa njia ya Ibn Hazm, na aliandika nyongeza ya kitabu Al-Kamil cha Ibn Adi, kinachozungumzia wapokezi waliotiwa ila. Kazi yake katika elimu hiyo ilikuwa kupima: nani alikutana na nani, nani alichanganya majina, nani alisimulia asichokisikia.

Mtu huyu huyu alikuwa na duka la mitishamba mjini kwao, na tabia ile ile ya kupima aliipeleka kwenye mimea. Hakutosheka na maneno ya vitabu. Aliitafuta mimea ya Andalus mwenyewe, kisha akasafiri kwenda Mashariki. Alifika Misri mwaka 613 H. (1216), na habari zake zikamfikia Sultani Al-Adil, aliyetaka abaki kwake kwa mshahara. Akajibu kuwa ametoka kwao kwa ajili ya kuhiji, na kwamba atarudi kwa watu wake. Akapita Hijazi, Sham na Iraq, akisikiliza hadithi kwa masheikh wa kila mji, na nje ya miji akichunguza nabati, zikiwemo za pwani ya Bahari ya Sham. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu cha safari yake. Kitabu hicho hakikutufikia, ila kwa nukuu nyingi zilizohifadhiwa na mwanafunzi wake.

Mwanafunzi huyo ni Ibnul Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 646 H. (1248). Kitabu chake, Al-Jami, kimetaja dawa na vyakula karibu 1,400 kwa mpangilio wa herufi. Katika utangulizi wake aliweka masharti: alichokithibitisha kwa kukiona na kukijaribu alikichukua, na kilichopingana na uhakika huo alikiacha, hata kama msemaji wake ni mkubwa. Tena aliyaandika majina ya mmea mmoja katika lugha mbalimbali, Kiarabu, Kiberberi na lugha ya Kilatini ya watu wa Andalus, akadhibiti matamshi yake ili mwandishi asije akakosea nukta, mgonjwa akapewa sumu.

Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa tabaka za matabibu, alikutana naye Damascus mwaka 633 H. Anaeleza kuwa walitoka pamoja nje ya mji kuitazama mimea mahali inapoota, na mwalimu akawa anataja alichosema Dioscorides Myunani, kisha Jalinus, kisha wa baadaye, na kuonyesha ni wapi walikosea. Huyo huyo anatusimulia habari za Rashidud Din As-Suri (aliyefariki 639 H.), aliyekuwa akipanda milima ya Lebanon pamoja na mchoraji mwenye rangi zake. Mmea ulichorwa ukiwa mchanga, ukachorwa tena ukikomaa na kutoa mbegu, ukachorwa mara ya tatu ukikauka, ili mtu asije akaujua katika hali moja na kuupotea katika nyingine.

KAZI YA WATAALAMU WA LEO

Wataalamu wa leo wana utaratibu wao, na kuujua kunafaa. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden alieneza mtindo wa kuupa kila mmea jina la maneno mawili, la jenasi na la spishi. Mwanafunzi wake, Peter Forsskål, alikwenda Misri na Yemen, akaandika mimea pamoja na majina ya Kiarabu aliyoyapata kwa wenyeji. Alifariki Yemen mwaka 1763, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1775.

Anayepima mimea ya nyika au msitu hukata tawi lenye majani, maua au matunda, akalibana na kulikausha. Juu ya karatasi yake huandika mahali, tarehe, hali ya ardhi, jina la wenyeji na jina lake yeye aliyekusanya. Kila jina la spishi hufungwa na kielelezo kimoja cha asili kilichohifadhiwa, na mwenye shaka hukirudia hicho. Kwa njia hii mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda iliorodheshwa katika kazi iliyochapishwa kwa sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, ikafikia spishi zaidi ya 12,000.

Hatudai kuwa watu hawa walichukua utaratibu wao kutoka kwa muhadithina. Tunachosema ni kuwa mwanafunzi aliyesoma mustalah hatauona kuwa mgeni: kuna msimulizi anayejulikana, kuna mahali na wakati, na kuna asili ya kurejewa. Wala si aibu kujifunza kwao. Waliotutangulia walimsoma Dioscorides, wakamsahihisha pale alipokosea.

WAJIBU WETU

Leo milangoni mwa misikiti yetu huuzwa dawa kwa jina la tiba ya Mtume (S.A.W.). Nyingi ni njema na wauzaji wengi ni waaminifu. Lakini anayesema "hii ndiyo iliyotajwa katika hadithi" anatoa ushahidi mara mbili: kwamba Mtume (S.A.W.) alisema, na kwamba alikusudia mmea huu. Ushahidi wa pili nao unataka uthibitisho.

Madhara ya kuupuuza yanajulikana. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitoa habari za wanawake walioharibikiwa figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene. Mzizi wa Kichina uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa na mzizi wa mmea mwingine wenye sumu, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la ule wa kwanza. Walioathirika walizidi 100. Na imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Nia njema haimwondolei dhamana.

Si kila mahali tunataka ugumu huu. Katika kuosha maiti, hadithi ya Ummu Atiyya (R.A.) imetaja sidri, na watu wetu wa pwani hutumia majani ya mkunazi. Mkunazi ni wa jenasi moja na sidri ya Arabuni, na makusudio ni usafi. Asiyeupata akatumia sabuni, hapana ubaya. Ugumu ni pale penye mwili wa mtu, mali ya fakiri, au neno linalonasibishwa kwa Mtume (S.A.W.).

Tunawausia maimamu mambo matatu. Wanapotaja dawa katika hadithi, waseme wanazuoni waliifasiri kuwa ni nini. Wasipojua, waseme hawajui. Na wawatume vijana wa madrasa kwa wazee wanaojua mimea ya kwao, na kwa wataalamu wa vyuo vikuu, wakaione mimea inapoota na kuyaandika majina yake kabla wenye kuyajua hawajaondoka.

Yule baba tulimwambia ampeleke mwanawe kwa daktari, na udi wake akaufukize nyumbani. Alicheka, akaenda. Lakini tulibaki tukijiuliza ni wangapi waliosikia darasa lile lile, nao hawakupita kuuliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaothibitisha kabla ya kusema. Wallahu aalam.