Redio ya mawe kutumia USB: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuunganisha nyaya

WAKULIMA wengi katika miinuko ya Othaya, Mukurweini na Tetu, Kaunti ya Nyeri, huamka alfajiri kukama ng'ombe huku redio ndogo ikiwaliwaza. Kwa miaka mingi redio hizo zimetegemea mawe, ambayo yakiisha nguvu mwenyewe hana budi kufunga safari ya dukani.

Siku hizi, hata hivyo, nyumba nyingi zina chaja ya simu, pawabenki au mtambo wa sola wenye tundu la USB. Ndiposa wengi hujiuliza: Je, mbona redio isitumie umeme huo huo?

Inawezekana. Lakini kuunganisha nyaya kiholela kunaweza kuunguza redio, kupasua mawe au hata kuzua moto nyumbani.

Jambo la kwanza ni kuelewa volti. Tundu la kawaida la USB hutoa volti 5. Jiwe moja la kawaida, liwe kubwa au dogo, hutoa volti 1.5. Mawe yanapopangwa kwa kufuatana, volti zake hujumlishwa: mawili hutoa 3, matatu 4.5 na manne 6.

Kwa hivyo, redio ya mawe mawili haifai kabisa kupewa volti 5 moja kwa moja. Huenda ikalia kwa muda, kisha ikaungua. Dawa yake ni kijisanduku cha kupunguza volti, ambacho fundi hukirekebisha hadi volti 3 kabla ya kukiunganisha. Kutumia kikinza umeme pekee si suluhu, kwani volti hubadilika kila sauti ya redio inapopandishwa au kushushwa.

Redio ya mawe matatu ina nafuu. Mawe mapya huzidi kidogo volti 1.5 kila moja, hivyo matatu hukaribia 5. Daiodi moja, ambayo hupunguza takriban volti 0.7, huondoa ziada hiyo.

Yenye mawe manne kwa kawaida hufanya kazi vyema kwa volti 5, kwa kuwa imeundwa kuvumilia mawe yanayoendelea kudhoofika. Hata mawe manne ya kuchajiwa, yenye volti 1.2 kila moja, hutoa volti 4.8 tu. Kifaa cha volti 9 nacho huhitaji kijisanduku cha kupandisha volti.

Jambo la pili ni kutambua upande chanya na upande hasi. Katika nyaya nyingi za USB, waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Hata hivyo, nyaya za bei rahisi hazifuati kanuni hiyo kila mara. Ni heri kupima kwa mita kuliko kuamini rangi, kwani kugeuza pande hizo kwaweza kuiharibu redio papo hapo.

La tatu, na ambalo wengi hulipuuza, ni kuondoa mawe yote. Redio iliyotengenezewa tundu la umeme kiwandani mara nyingi huyatenga mawe pindi plagi inapoingizwa. Waya uliochomelewa kwenye springi za mawe hauna kinga hiyo. Umeme wa USB ukizidi ule wa mawe, huyasukumia nguvu kinyume. Mawe ya kawaida hayakuundwa kuchajiwa. Hupata joto, huvuja na yanaweza kupasuka.

Vivyo hivyo, betri ya lithiamu, kama ile ya simu kuukuu, haipaswi kuunganishwa na USB bila saketi maalumu ya kuichaji. Nyingi za betri hizo hazistahili kuzidi volti 4.2, na zikizidishiwa zinaweza kushika moto.

Aidha, chanzo cha umeme ni muhimu. Ndani ya chaja ya ukutani, volti 240 za stima hutenganishwa na USB kwa kizuizi chembamba. Katika chaja bandia kizuizi hicho kinaweza kushindwa kazi, na anayeshika redio kwa mikono yenye maji zizini akapigwa na umeme. Sola na pawabenki hazina hatari hiyo, mradi pawabenki haichajiwi ukutani wakati huo huo. Fyuzi ndogo kwenye waya chanya nayo husaidia kuzuia moto nyaya zikigusana.

Pawabenki ikijizima baada ya muda mfupi, si lazima iwe mbovu. Nyingi hujizima zikihisi kifaa kinatumia umeme kidogo mno, na redio ndogo ni mojawapo. Redio ikikoroma, hasa katika masafa ya AM, mara nyingi chaja ndiyo chanzo cha kelele hizo.

Asiye na mita hana haja ya kubahatisha. Mafundi wa redio na simu katika miji kama Karatina, Nanyuki na Kerugoya wanaweza kupima volti na pande zote mbili kwa dakika chache, na gharama hiyo ni ndogo kuliko kununua redio nyingine.